Muziki wa Bajaji na Masikio ya Dereva

Katika vijiwe vya bajaji vya Kibaha, chombo kipya hakikai muda mrefu kabla ya kufungwa muziki. Mmiliki akishakamilisha bima na leseni, vijana wengi humwita fundi umeme kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote. Spika kubwa hupangwa nyuma ya kiti cha abiria, sabufa hupachikwa kando yake, na amplifaya huunganishwa na betri kwa waya wowote uliopatikana. Siku ya kwanza ya kazi mdundo husikika kabla bajaji haijatokeza kwenye kona. Abiria vijana hukikimbilia chombo hicho. Wazee husubiri kinachofuata.

Chombo hicho hicho ndicho kinachompakia mama mwenye mtoto mchanga kutoka Mbwawa kwenda kliniki, na ndicho kinachompeleka mgonjwa wa shinikizo la damu katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Abiria hao hukaa ndani yake kwa muda wa safari moja, kisha hushuka. Dereva hashuki. Yeye hukaa mbele ya spika hizo tangu alfajiri hadi usiku, siku sita au saba za juma, mwaka hadi mwaka.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuboresha muziki wa chombo si kosa, bali fedha inayotumika inapaswa kununua usafi wa sauti badala ya ukubwa wake. Watumishi wa afya nao wanapaswa kumtambua dereva huyo kwa jinsi alivyo: mfanyakazi anayeshinda mahali penye kelele, ambaye hakuna anayempima masikio.

Ndani ya sikio, katika kiungo kilichojikunja mfano wa gamba la konokono na kiitwacho koklea, mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000. Sauti iingiapo huvitikisa vinywele hivyo kama upepo upitao juu ya shamba la mpunga, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Upepo wa wastani huuinamisha mpunga, nao ukainuka tena. Tufani huuvunja. Tofauti ni kwamba shamba laweza kupandwa upya msimu ujao, ilhali seli hizi za binadamu zikifa haziotí tena, na hakuna dawa inayozirudisha.

Madhara haya hayaanzi kwa maumivu, na ndiyo sababu hupuuzwa. Dereva hufika nyumbani usiku akihisi masikio yameziba, au akisikia mvumo au mlio mwembamba pale nyumba inapokuwa kimya. Asubuhi hali hiyo huwa imetoweka, naye hujiona mzima. Kumbe hilo ni onyo. Likijirudia kwa miezi na miaka, seli hufa, na hasara huanzia kwenye sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, f, t na sh. Mtu wa namna hiyo husikia vizuri kwamba anasemeshwa, lakini hasikii anaambiwa nini. “Fika” na “shika” humfikia kama neno moja. “Pata” na “paka” humchanganya. Wa nyumbani humwita mkaidi au mwenye dharau. Naye, kwa kuwa muziki wake haumvutii kama zamani, huongeza sauti.

Yapo makadirio yanayosaidia kupima hatari hii. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa usalama na afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu. Katika desibeli 88 ni saa 4. Katika 91 ni saa 2. Katika 94 ni saa 1. Katika 97 ni dakika 30. Na katika 100 ni dakika 15. Kwa hiyo bajaji ambayo muziki wake hufikia desibeli 100 kwenye kiti cha dereva humaliza fungu lake la siku nzima kabla hajamaliza abiria wa pili, na siku yake bado ina saa kumi mbele.

Hapo ndipo ulipo mtego ambao wauzaji wa vifaa hawauelezi. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, kwa mfano kutoka wati 200 hadi 400, huongeza desibeli 3 tu. Sikio hulihisi ongezeko hilo kuwa dogo. Ili sauti ionekane imekua maradufu huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Dereva aliyetoa akiba yake kununua amplifaya kubwa huwasha muziki na kuona bado hautoshi, ilhali muda salama wa masikio yake umeshakatwa nusu. Mfuko umelipa sana, sikio limepata kidogo, na hatari imeongezeka maradufu.

Haifai, hata hivyo, kumwambia dereva azime muziki na kuishia hapo. Muziki humwondolea upweke na usingizi katika kazi ya saa nyingi. Humletea pia abiria, na katika kijiwe chenye bajaji nyingi hilo ni suala la mkate. Fundi anayefunga vifaa hivyo naye ana familia. Ushauri wa afya usiotambua mambo haya hubaki ukutani pamoja na bango lake. Swali la maana ni kwa nini sauti hupandishwa mno, na jibu lake kwa sehemu kubwa ni la kiufundi.

Kwanza, injini ya bajaji iko nyuma na ubavu wake uko wazi, hivyo muziki hushindana na injini, upepo na malori ya Barabara ya Morogoro. Pili, gari lililofungwa milango na madirisha huihifadhi besi ndani, lakini katika chombo kilicho wazi besi hutawanyika. Mwenye chombo huongeza sabufa akitafuta mtikisiko ambao umbo la bajaji haliwezi kumpa. Tatu, spika duni hukwaruza na kufifisha maneno ya wimbo, na msikilizaji hudhani dawa yake ni kuongeza sauti. Debe tupu haliachi kuvuma. Likipewa nguvu zaidi huvuma zaidi, wala haligeuki kuwa kinanda.

Basi uboreshaji wenye manufaa una mpangilio wake. Jambo la kwanza ni spika nzuri mbili, zilizoshikizwa kwa nguvu mahali pasipotikisika na kuelekezwa vizuri. Spika yenye ufanisi wa juu zaidi kwa desibeli 3 hutoa sauti ileile kwa nusu ya nguvu, na maneno yakisikika wazi mkono hauendi kwenye kitufe mara kwa mara. La pili ni kupunguza mtikisiko wa mabati ya chombo kwa kukaza bolti na kuweka raba panapogongana, kwani kelele iliyoondolewa haihitaji kufunikwa na muziki. Sabufa, kama ni lazima, iwe ya mwisho na ndogo, na fundi aipangie kiwango chake ili isifunike sauti ya mwimbaji wala honi ya nyuma. Idadi ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isimdanganye mnunuzi. Mara nyingi huhesabu kilele cha kufumba na kufumbua, wala si nguvu ambayo kifaa huweza kuitoa mfululizo.

Nyaya nazo ni suala la afya. Amplifaya inayotoa wati 600 katika umeme wa volti 12 huhitaji angalau ampia 50, hata kabla ya kuhesabu nguvu inayopotea kuwa joto. Waya mwembamba uliokusudiwa taa ndogo ukibebeshwa mzigo huo hupata moto, ganda lake huyeyuka, na penye mafuta na kiti cha sponji ajali haiko mbali. Fyuzi ya ukubwa unaolingana na waya iwekwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote unaoifuata. Fyuzi ikiungua isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Anayefanya hivyo ameondoa kinga ya mwisho iliyobaki kati ya abiria wake na wodi ya majeraha ya moto.

Baada ya vifaa hufuata kiwango. Kipimo chepesi hakihitaji mashine: injini ikiwa inanguruma, abiria wa nyuma aweze kumwambia dereva “nishushe hapa” kwa sauti ya kawaida, naye amsikie bila kugeuka. Hapo kitufe kiwekewe alama ya rangi, na alama hiyo isivukwe. Anayetaka uhakika zaidi aweza kutumia programu ya simu inayokadiria desibeli. Abiria mwenye mtoto mchanga akipanda, muziki ushushwe bila kuombwa. Shirika la Afya Duniani huweka kiwango salama cha kusikiliza cha watoto chini ya kile cha watu wazima, na mtoto aliye mgongoni hawezi kusema kwamba masikio yanamuuma. Kipimo hicho hicho humwezesha dereva kusikia king’ora cha gari la wagonjwa linalokimbilia Tumbi.

Watasema wengine kwamba sheria ipo na itoshe. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zipo Kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo. Lakini malalamiko ya kelele kwa kawaida hutoka kwa jirani anayekosa usingizi. Dereva hajilalamikii mwenyewe. Mfanyakazi wa kiwanda chenye mitambo hutarajiwa kupewa vizibo vya masikio na kupimwa usikivu. Dereva wa bajaji hana mwajiri wa kumpima, na kelele yake ameinunua mwenyewe. Faini pekee haimfikishi kwenye kuelewa. Kinachoweza kumfikisha ni neno la mwenzake kijiweni, la fundi anayemwamini, na la mtumishi wa afya anapokwenda kutibiwa jambo jingine.

Huyo wa mwisho ndiye ambaye makala haya yanamtazamia zaidi. Katika kituo cha afya, kijana anayelalamika kwamba kichwa kinamuuma, hapati usingizi au masikio yanavuma, aulizwe maswali matatu: anafanya kazi gani, kwa saa ngapi, na katika kelele ya kiasi gani. Atazamwe kama masikio yameziba kwa nta, kwa kuwa hilo latibika papo hapo. Aulizwe kama amewahi kutumia dawa zinazoweza kudhuru masikio, zikiwemo jentamisini, streptomaisini na sisplatini, kwani sikio lililokwisha kujeruhiwa na dawa halina sababu ya kuongezewa mzigo. Mvumo usiokoma, au kushindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, kumpeleke kwa wataalamu wa masikio, pua na koo ili apimwe. Na aliyepoteza usikivu ghafla, kwa saa chache au siku chache, asiambiwe arudi mwezi ujao. Hiyo ni dharura.

Kuna sababu nyingine ya mtumishi wa afya kuzingatia haya. Mgonjwa asiyesikia vizuri hukubali kwa kichwa asichokielewa. Huambiwa anywe dawa kwa kipimo fulani na saa fulani, huitikia “ndiyo” kwa kuona haya kuuliza mara ya pili, kisha nyumbani hunywa kwa kubahatisha. Kumtaka arudie kwa maneno yake alichoambiwa huchukua nusu dakika tu, na huokoa mengi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi, na kila tarehe 3 Machi dunia huadhimisha Siku ya Usikivu. Tanzania imepiga hatua katika matibabu: tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia usikivu kwa waliopoteza uwezo huo kwa kiwango kikubwa. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo upasuaji huo ni wa wachache na gharama yake ni kubwa, ilhali dereva wa Mbwawa anahitaji alama ya rangi kwenye kitufe, fyuzi karibu na betri, na spika mbili zinazosema wazi.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakimsema mtu asiyeshaurika. Kwa dereva aliyeketi mbele ya sabufa methali hiyo ni kweli kwa namna mbili, na wakati wa kumshauri ni sasa, angali anasikia.