Merikebu Zilizozama na Wakaaji Wake Wapya



Tukisikia kwamba merikebu imezama, twadhani mambo yake yamekwisha: chuma kitaliwa na kutu, na jina litasahauliwa. Lakini wapiga mbizi, wale washukao chini ya maji na mitungi ya hewa mgongoni, watuletea habari nyingine. Huko chini merikebu nyingi zimepata wakaaji wapya.

Tutazame kwanza Unguja. Mwisho wa mwaka 1902 merikebu ya Waingereza iliyoitwa Great Northern, ambayo kazi yake ilikuwa kutandika nyaya za simu baharini, ilipotea katika mwamba wa Fawatu, karibu na mji wa Zanzibar. Mabaki yake yamelala katika kina cha meta 12 hivi, na matumbawe yameota juu yake.

Jambo hili latokeaje? Chuma kigumu chafanya kazi ya mwamba. Kwanza chavikwa utelezi wa mimea midogo ya maji. Kisha watoto wa matumbawe na wa chaza, wanaochukuliwa na mkondo wakitafuta mahali pa kushika, hujibandika hapo. Samaki wadogo huja kula na kujificha. Wakubwa huwafuata wadogo. Hatimaye chewa hukaa katika chumba cha mabaharia kama mwenye nyumba, na mkunga hutoa kichwa chake katika tundu la bomba.

Watu walipoona hayo, wakaiga. Mwaka 2002 meli kuukuu iitwayo Dania, iliyokuwa ikichukua mifugo, ilizamishwa kwa kusudi mbele ya pwani ya kaskazini ya Mombasa, katika kina cha meta 30 hivi, ili iwe makao ya samaki na mahali pa kutembelewa na wapiga mbizi. Kazi ya namna hii haifanywi ovyo. Sharti mafuta na vitu vyenye sumu viondolewe kwanza, na nyaya na milango pia, mtu asije akanaswa ndani. Tena kushuka huko si mchezo. Katika meta 30 mwili hukandamizwa mara nne kuliko ufukoni, na apandaye kwa haraka aweza kufa, maana hewa iliyoingia katika damu yake hutoka kwa povu, kama chupa ya limonadi iliyofunguliwa ghafula.

Basi, sisi wa Nguba, tuonao ziwa kila asubuhi, twaweza kuuliza: Je, vyombo vilivyozama katika Kivu navyo ni nyumba za samaki? Vile vilivyolala karibu na ufuko, mwanga na hewa vinapofika, vyaweza kuwa kificho chao. Lakini ziwa letu lina tabia yake. Kina chake chafika meta 485, na maji ya chini, yaliyo mazito kwa chumvi, hayachanganyiki na ya juu. Kupita meta 60 au 70 hivi hakuna oksijeni tena. Kuna gesi nyingi, ile ya metani na nyinginezo. Sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, huishi katika maji ya juu tu. Chombo kikienda chini kabisa, hapana samaki atakayekaa ndani yake.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, «Nikitupa takataka ziwani nawajengea samaki.» Chupa ya plastiki si mwamba. Upepo na mkondo huzisukuma chupa hizo mpaka Ruzizi, zikaziba mitambo ya umeme, nasi tukakaa gizani kwa kazi ya mikono yetu wenyewe.

Liko na jambo zito zaidi. Dania ilipozamishwa hapakuwa na mtu ndani. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kiitwacho Merdi, kilichotoka Minova kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilipinduka karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, ufuko ukionekana kwa macho. Makumi ya wasafiri walikufa: akina mama waendao sokoni, watoto, baba za watu. Ndugu zao walisimama ufukoni wakingoja maiti.

Enyi wazazi, na ninyi wanafunzi mnaovuka ziwa wakati wa likizo, kabla ya kupanda tazameni: Je, watu wamezidi? Jaketi za kuokolea zipo, nazo zatosha kwa wote? Kama sivyo, shukeni, hata kama nauli imekwisha lipwa na wenzenu wawacheka. Nauli hupatikana tena.

Merikebu kuukuu iliyotolewa watu wake na kusafishwa, na izame, samaki watashukuru. Bali chombo chenye watu kazi yake ni moja tu, kuwafikisha ng'ambo wakiwa hai.