Baba Yangu Alikuwa Nani?

Matanga ya marehemu baba yangu yalipokwisha, tulifungua kasha lake. Ndani tulikuta kipande cha kazi cha shamba moja la mkonge la Tanga, cha mwaka 1954. Jina lililoandikwa silo tulilomjua nalo, na kwao kumeandikwa ng'ambo ya Mto Ruvuma. Ndugu yangu akasema, "Kichomwe moto. Watu watasema tumezaliwa na mwongo."

Mimi sikukubali. Nalikwenda kwa mzee mmoja aliyekata mkonge pamoja naye. Alinieleza kuwa mtu wa mkataba, yaani manamba, alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kilipojaa. Aliyeuacha mkataba kabla ya muda wake alikuwa mkosaji mbele ya sheria ya wakoloni. "Baba yako alipigwa na msimamizi, akatoroka," alisema mzee. "Akajiandikisha shamba jingine kwa jina jipya. Kwa jina hilo alimwoa mama yako, na kwa jina hilo aliwasomesha ninyi nyote."

Basi, wako wasemao kwamba mtu wa kweli ni yule wa jina la kwanza. Mimi sidhani hivyo. Mkonge wenyewe ni mgeni: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Dkt. Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani. Lakini leo ni nani asiyeuita wa Tanga? Baba yangu ni mwenye majina yote mawili, wala la pili halikuwa la kumdhulumu mtu. Lilikuwa la kujiokoa.

Hata hivyo, liko jambo ninalomlaumu, nami najilaumu zaidi. Yeye alinyamaza; na mimi mwalimu, niulizaye maswali kila siku darasani, sikumwuliza hata moja. Huenda ninao shangazi ng'ambo ya Ruvuma ambao hawajui kwamba ndugu yao amekufa.

Ninyi wanafunzi, likizo i karibu. Kaeni na wazee wenu, waulizeni kwa adabu walikotoka na jina waliloitwa na mama zao, mkaandike katika daftari. Nanyi wazazi, msingoje watoto wafungue kasha.

Kipande kile hatukukichoma. Kimetundikwa ukutani, kando ya picha ya baba.