NAULI TUNAILIPA, GARI LIKO WAPI?



Yako maneno yanayosemwa kila pembe ya mji, nayo ni kwamba taabu ya magari ya abiria katika kisiwa hiki imeletwa na utovu wa adabu wa madereva na makonda. Wakubwa wanayasema katika hotuba zao, na raia aliyechoka kusimama juani anayaitikia, kwani mtu aliye karibu naye wa kumlaumu ni yule yule aliyemwambia, "Shukeni, gari haifiki mbele." Sisi hatuyakubali maneno hayo. Hatusemi kuwa makonda ni malaika. Tunasema kuwa lawama hii inawafaa sana wale wenye dhamana ya barabara na vituo, kwa kuwa konda akishatukanwa kazi imekwisha, na mwenye dhamana anarejea ofisini kwake akanywe chai.

Natuitazame kazi yenyewe ya gari. Tajiri ananunua gari, aghalabu kwa mkopo, na kumkabidhi dereva. Kila jioni dereva hurejesha kiasi kilichokwisha kukatwa, ndiyo hesabu. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula chake yeye na konda wake. Hesabu isipotimia siku mbili tatu, gari hupewa mwingine. Basi mtu aliyefungwa kwa kamba hii atafanya nini? Atangoja kituoni mpaka gari lijae, hata kama waliotangulia kukaa wamekwisha kulowa jasho. Atashindana mbio na mwenziwe wa njia moja ili awawahi abiria wa kituo cha mbele. Abiria wakipungua atakatisha ruti na kuwashusha watu kati ya njia. Atamkimbia mtoto wa skuli, kwani mtoto huyo analipa nauli pungufu na kukalia kiti kizima. Na usiku ukiingia, hesabu ikiwa imekwisha kupatikana, ataliweka gari, maana kwenda Makunduchi na abiria watatu ni kuchoma mafuta ya watoto wake mwenyewe.

Hakuna hata moja katika haya ambalo askari wa barabarani ataliondoa kwa faini. Faini nayo huingizwa katika hesabu, na abiria wa kesho ndiye anayeilipa kwa kubanwa wanne katika kiti cha watatu.

Hii leo jambo hili si dogo tena. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 imewakuta 893,169. Maana yake, katika miaka kumi tu mkoa huu umejiongezea nusu ya ukubwa wake, na watu hao hawakuongezeka Mji Mkongwe. Wamejenga Fuoni, wamejenga Mwera, wamejenga kando ya njia ya Bububu na kupindukia huko, lakini soko, spitali kubwa, bandari na ofisi wameziacha mjini. Kila alfajiri nusu ya nchi inaingia mjini, na kila magharibi inatoka. Tena wapo wanaokwenda kinyume chao, vijana wetu wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ambao zamu zao huisha saa ambayo hakuna gari. Kijana huyo hana ila kulala chini ya mnazi au kumpa mwenye bodaboda ujira wa siku nzima. Mwanamke muuza samaki anayetaka kuuwahi mnada, muuguzi wa zamu ya usiku, mgonjwa wa shamba aliyeandikiwa kurudi kliniki, hao ndio wanaoijua bei ya gari lisilokuwa na saa.

Namba tunazo. Gari limeandikwa mbele 502, tunajua la Bububu. Limeandikwa 505, tunajua la Uwanja wa Ndege. Mwenda Nungwi anaitafuta 116, mwenda Jambiani 309. Lakini namba si ahadi. Nani atatuonyesha bango la kituo lililoandikwa saa ya gari la mwisho? Leseni inamwambia tajiri apite wapi, na hapo wenye kutoa leseni wamemaliza kazi yao. Mabaraza nayo yanakusanya ushuru, jambo ambalo hatukatai, ila tunauliza unarudi kwa abiria kwa sura gani: kivuli? taa? choo? Daftari la ushuru wa vituo na lifunguliwe, raia wasome wenyewe.

Sasa wapo mabwana wanaotuambia kuwa dawa ni moja, nayo ni kuyafuta magari haya madogo na kuleta kampuni kubwa yenye mabasi ya kung'aa. Maneno haya yana ladha nzuri mdomoni. Sisi tunawaomba wanachama waitazame Malta kabla ya kuyameza.

Malta ni kisiwa, tena kidogo kuliko Unguja mara kadhaa, na mabasi yake kwa miaka mingi yalikuwa mali ya madereva wenyewe, kila mtu na lake, yamepakwa rangi ya manjano na kupambwa kama bibi harusi. Yalikuwa yamechakaa na yalikuwa na kelele zake, hilo halina ubishi. Mwezi wa Julai 2011 utaratibu ule wa zamani ulifutwa kwa siku moja, na kazi ikapewa Arriva, kampuni kubwa ya kigeni. Njia zilichorwa upya juu ya karatasi na watu waliokuwa mbali na vituo. Fujo ilianza siku ya kwanza. Mabasi marefu yenye kiungo katikati, yaliyokwisha kutumika London, yaliletwa katika vichochoro vya kisiwa, na mwaka 2013 yakaondolewa barabarani baada ya baadhi yao kushika moto. Ulipoingia mwaka 2014 kampuni ilikuwa imekwisha kuondoka, na Serikali ikabaki na mzigo mikononi hadi mwaka 2015 ilipompata mwendeshaji mwingine, safari hii kutoka Uhispania. Raia wa Malta walilipia ujuzi huo kwa kodi zao na kwa miguu yao.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka bahari ya Wazungu. Hapo ng'ambo, Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, katika njia yao peke yao. Kazi ile ya ujenzi ni ya kusifiwa na sisi tunaisifu. Lakini mabasi yalipopungua watu walirundikana vituoni, karakana ya Jangwani ikafurika maji ya mvua, na kwa kuwa daladala zilikwisha kuondolewa katika njia ile, abiria hakuwa na pa kukimbilia. Njia nzuri bila ya mkataba unaombana mwendeshaji ni uwanja wa kusubiria tu.

Upande wa pili wamesimama wale wanaosema soko liachwe lijitengeneze lenyewe, tajiri ashindane na tajiri na abiria atafaidika. Hao nao wana mfano wao, na mfano huo umekwisha kutoa jawabu. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1985, na kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986 mwenye basi yeyote nje ya London aliweza, kwa kutoa taarifa tu, kupita njia aitakayo kwa nauli aitakayo. London peke yake ilibakishiwa utaratibu wa njia kupangwa na mamlaka na waendeshaji kuzigombea kwa zabuni. Miaka ikapita. Idadi ya abiria wa London ikapanda, na ya miji mingine mingi ikaporomoka. Mabasi yalifuatana kama siafu katika njia zenye faida, na vijiji vikaachwa.

Walipoona hivyo walirudi mezani. Sheria ya mwaka 2000 iliwaruhusu wakuu wa miji na wenye mabasi kufunga mapatano: baraza litengeneze vituo na njia za mabasi, na mwenye basi alete gari la kiwango kilichokubaliwa. Sheria ya mwaka 2017 ikayatia mapatano hayo meno, yakishapita yawafunge waendeshaji wote wa eneo, hata yule aliyenuna pembeni. Na mwaka 2021 Serikali yao iliyaambia mabaraza yote ya Uingereza yenye dhamana ya usafiri yachague, ama mapatano ya namna hii, ama kuzitwaa njia na kuzitoa kwa zabuni. Mji wa Brighton, ambako baraza na kampuni ya mabasi wamefanya kazi pamoja kwa muda mrefu, umekuwa miongoni mwa miji ya nje ya London ambayo watu wake hupanda mabasi kwa wingi kabisa. Manchester iliona mapatano hayatoshi. Meya wao, Andy Burnham, aliamua mwaka 2021 kuzitwaa njia, na kazi hiyo ilianza Septemba 2023 na kumalizika Januari 2025. Hili tunalitaja kwa makusudi, ili tajiri atakayekaa nasi mezani ajue kuwa ukiacha meza hiyo ipo njia nyingine, nayo haitampendeza.

Basi chama chetu kinataka nini? Kinataka mabaraza yetu ya manispaa na ya miji, ya Unguja na ya Pemba, pamoja na wenye kutoa leseni, wakae na wenye magari, njia moja moja, waandikiane. Mwenye gari aahidi saa ya gari la kwanza na saa ya gari la mwisho, na aahidi kuwa gari litafika mwisho wa njia yake hata likiwa na abiria mmoja. Aahidi kumchukua mtoto wa skuli na mtu mwenye ulemavu bila ya kumtia aibu. Baraza nalo liahidi kivuli, taa, na njia isiyozibwa na malori yanayoshusha mizigo asubuhi. Zamu zipangwe, ili magari yasingojee kujaa na yasifukuzane. Nauli ya njia nzima iingie katika mfuko mmoja wa ushirika wa njia hiyo, na dereva alipwe mshahara. Hili la mfuko ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo litakalopigwa vita, kwani bila ya kuikata kamba ya hesabu ahadi zote nyingine ni wino tu. Wasituambie haiwezekani kuwaunganisha wenye magari wadogo. Kenya, nchi ambayo matatu zake hazikuwahi kusifiwa kwa upole, imewataka wenye matatu wajiunge katika vyama vya ushirika au kampuni, na wamejiunga.

Na zile safari za usiku na za vijiji vya mbali, ambazo hakuna hesabu duniani itakayozifanya zilete faida, zilipiwe na baraza kutoka katika ule ushuru tuliousema. Hapo ndipo mahali pake. Mtu wa Kizimkazi analipa ushuru kila anaponunua kibiriti, si haki aambiwe ndoto yake ya kurudi nyumbani usiku ni hasara kwa uchumi.

Tumesikia minong'ono ndani ya safu zetu wenyewe, nayo haifai kufunikwa. Wapo wanaosema kuwa tukiwasaidia watawala kuyatengeneza magari, sifa wataichukua wao na kura itakuwa yao. Tunawajibu hivi. Chama kinachoomba dhamana ya nchi hakiwezi kuombea mama mjamzito akose gari ili kipate hoja ya jukwaani. Sifa na waichukue, karatasi zetu zitakuwa na tarehe. Wapo pia wanachama wenzetu ambao ni matajiri wa magari, watu wema waliotuchukulia watu bure siku za mikutano, wanaoogopa kuwa tunawatia mkononi mwa baraza. Hao tunawaheshimu, na tunawauliza swali moja: gari linalokimbizwa siku nzima, linalobadilishwa madereva kila wiki na kupakia kupita kiasi, linadumu miaka mingapi? Hesabu hiyo wanaijua kuliko sisi.

Madiwani wetu wameagizwa walifikishe jambo hili katika mabaraza yao. Wataambiwa kuwa hakuna takwimu, kama wanavyoambiwa kila mara. Kwa hiyo kila tawi linatakiwa, kwa muda wa siku saba mfululizo, liweke mtu mmoja katika kituo cha shehia yake, na aandike namba ya gari, saa lililopita, kama lilifika mwisho wa njia, na wanafunzi wangapi waliachwa. Jina la dereva lisiandikwe, wala namba ya usajili wa gari lake, hatumtafuti mtu wa kumfunga. Karatasi hizo zikabidhiwe kwa Katibu wa Jimbo, na nakala moja ibaki tawini.