Masharti ya Shahada na Mtoto wa Usambara

Mwanafunzi atakaye kusoma elimu ya kuchambua tabia mpaka shahada ya uzamili hukutana na taabu mbili. Ya kwanza ni ugumu wa masomo yenyewe, na hiyo haina lawama, maana hapana elimu iliyo tamu tangu mlangoni. Ya pili ni kwamba masharti ya masomo hayo yametungwa mbali sana na watoto atakaowatumikia. Hiyo ndiyo nitakayo kuisema hapa, nikiwa na milima ya Usambara mbele ya macho yangu.

Nina sababu ya kuichagua milima hiyo. Mtu apandaye kutoka Mombo kwa njia ya Soni hata Lushoto huingia katika nchi iliyozoea kuwatunza wale waliopewa kisogo na wengine. Lutindi palijengwa mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 pakageuzwa kuwa pahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, napo ni miongoni mwa pahali pa kwanza pa namna hiyo katika Afrika Mashariki. Irente iko shule ya watoto wasioona tangu miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikaanzishwa huko Shule ya Rainbow, kwa watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Magamba kilifunguliwa mwaka 2007 chuo kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa, nacho kilipata sifa kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Basi asitokee mtu akasema kwamba kazi hii ni ngeni milimani. Kilicho kigeni ni orodha ya masomo.

Elimu yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Huuliza tendo la mtoto hutanguliwa na nini na hufuatwa na nini. Hupima kwa hesabu. Kisha hubadili yale yatanguliayo na yafuatayo ili mtoto apate tendo la kumfaa. Mtoto apigaye kelele kila aonapo chakula huenda hana neno la kukiombea. Mpe neno, au ishara ya mkono, na kelele huenda zikapungua.

Masharti yanayonakiliwa mahali pengi ni ya bodi iliyoundwa Marekani mwaka 1998. Kwa orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022, mwanafunzi alidaiwa saa 315 za darasani: 90 za misingi na falsafa, 45 za kupima na kujaribu, 45 za kutathmini tabia, 60 za njia za kuibadili, 45 za maadili, na 30 za kusimamia wafanyakazi. Juu ya hizo ziko saa 2,000 za kazi chini ya msimamizi. Siidharau orodha hiyo. Anayeisoma kwa haki ataona kwamba imetungwa na watu wanaojua kazi yao, na kwamba kanuni zao za maadili humwagiza mchambuzi aheshimu utamaduni wa watu.

Lakini agizo si somo. Katika saa zile 315 haikutengwa hata moja ya kujifunza lugha ya nyumba anamolelewa mtoto, na saa zile 2,000 zaweza kutimizwa zote bila mwanafunzi kuketi jikoni mwa mzazi maskini. Hapa ndipo orodha inapopingana na elimu yake yenyewe. Mwaka 1968 Baer, Wolf na Risley, katika makala iliyoweka misingi ya elimu hii, walisema kwamba tabia ya kushughulikiwa ni ile yenye maana kwa jamii, na kwamba badiliko lisilodumu wala kuenea pahali pengine halijatosha. Nauliza: jamii ipi? Na pahali pengine wapi, kama si nyumbani kwa mtoto?

Tuseme yuko mtoto wa Mlalo mwenye usonji, anayelelewa na bibi yake. Bibi husema Kisambaa. Kiswahili hukisikia sokoni na zahanati. Anakuja mtaalamu mwenye shahada, na fomu zake zimeandikwa Kiingereza. Anamfundisha mtoto kuomba maji kwa Kiswahili, anaweka alama zake, anaona maendeleo, anashuka mlima. Jioni mtoto anaomba maji, na bibi hajui kwamba ameombwa. Kwa kuwa neno halikuleta maji, mtoto anaurudia ukelele, ambao haujapata kumwangusha. Mtaalamu atasema mtoto amerudi nyuma. Mimi nasema mtoto amefanya hasa kile ambacho elimu hiyo ilitabiri; aliyeshindwa mtihani ni mtaalamu.

Jambo jingine ni fimbo. Nchini mwetu kanuni za shule zingali zinairuhusu, na wengi huitetea kwa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Elimu ya tabia nayo haina mikono mitupu katika habari hii. Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitangaza habari za watoto 19 wenye usonji waliofundishwa saa 40 na zaidi kwa juma, na kusema kwamba 9 kati yao waliweza darasa la kawaida. Habari hiyo ilivuma sana. Lakini katika mafundisho hayo mtoto alikemewa kwa sauti kuu, na mara nyingine alipigwa kofi la paja. Na leo watu wazima wengi wenye usonji hulalamika kwamba walifunzwa kuficha nafsi zao ili wawapendeze wengine. Mwanafunzi atakayefanya kazi katika nchi ya viboko hana budi kusoma habari hizi kwa mapana, si kama tanbihi ya historia. Asipozisoma, atampa mwenye fimbo jina la kitaalamu la kuitetea fimbo yake.

Wako watakaosema kwamba tukitunga masharti yetu tutashusha kiwango, na cheti chetu hakitatambuliwa ng'ambo. Nawajibu kwamba mlango huo wameufunga wenyewe walioujenga: tangu mwaka 2023 bodi ile haipokei waombaji wapya kutoka nchi nyingi za dunia, na yetu ni mojawapo. Tutaendelea mpaka lini kukata kanzu kwa kipimo cha mtu aliyekwisha kutuambia hatuingii nyumbani kwake? Wengine watasema lugha za nchi hii zapita mia, na hapana awezaye kuzijua zote. Ni kweli. Basi ajue moja ya hapo atakapotumwa, na afunzwe kufanya kazi na mkalimani kwa adabu kwa zile asizozijua.

Chuo chochote cha nchi yetu kitakachofundisha shahada hii na kihifadhi kupima, kutathmini na maadili, kisipunguze hata saa moja. Kisha kiongeze manne: lugha ya pahali pa kazi, nusu ya saa za mazoezi zitumike nyumbani na shambani kwa watoto, somo kamili juu ya adhabu na haki ya mtoto ya kukataa, na taarifa ya mwisho iandikwe kwa Kiswahili, isomwe mbele ya mlezi, kwa lugha yake ikibidi, naye aulizwe kama mtoto huyo anamtambua. Akisema hamtambui, shahada na ingoje.