Alama ya X Si Ukaguzi

Muulize mwanafunzi yeyote wa ujenzi anataka kuwa nani. Atakujibu: mhandisi, msanifu majengo, mkandarasi. Ni nadra kumsikia anayesema: mkaguzi wa majengo wa manispaa. Kazi hiyo tumeidharau. Tunamwona mkaguzi kuwa mtu wa kupewa kitu kidogo aende zake, au mtu wa kuleta tingatinga wakati watu wameshahamia. Ninasema waziwazi: dharau hiyo inaua.

Mnaikumbuka Huruma, Nairobi? Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, ghorofa lililojengwa kando ya mto liliporomoka, na watu wapatao 50 wakafa. Baadaye ilielezwa kwamba jengo hilo lilikuwa limeshaamriwa kubomolewa. Yaani watu walilipa kodi na kulaza watoto wao katika nyumba ambayo karatasi zilikuwa zimeshaihukumu. Mwaka 2013, jijini Dar es Salaam, ghorofa lililokuwa bado linajengwa lilianguka na kuua watu 36.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ghorofa, methali hii haitoshi. Ufa ukionekana kwenye nguzo, kosa lilishafanyika zamani: nondo zilikuwa nyembamba, mchanga ulikuwa na udongo, saruji ilipunjwa. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Kwa hiyo mkaguzi anatakiwa kufika kabla zege halijamwagwa: kwenye msingi, kwenye nguzo, kwenye kila sakafu. Anatakiwa kudai vipande vya zege vipimwe nguvu siku ya 7 na siku ya 28, na kusimamisha kazi vikishindwa. Kuchora X nyekundu ukutani baada ya wapangaji kuingia si ukaguzi. Ni kutangaza kwamba ukaguzi haukufanyika.

Najua mtaniambia wakaguzi wanakula rushwa. Wapo wanaokula. Lakini mkaguzi mmoja mwenye maeneo mengi ya ujenzi na asiye na usafiri, akipelekwa huko kwa gari la mwenye jengo, ataandika ripoti gani? Na akisimamisha kazi asubuhi, kisha mkubwa wake akapiga simu mchana kuamuru iendelee, kesho atasimamisha nini? Tunamnyima nguvu, halafu tunamlaumu kwa udhaifu.

Kwetu Uganda, sheria si tatizo. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 imeweka kamati za majengo na maafisa wa kudhibiti majengo. Lakini sheria haipandi ngazi za mbao kwenda kuhesabu nondo. Mtu ndiye anayepanda.

Wahadhiri wetu, mnatufundisha kuchora jengo zuri. Tufundisheni pia kulikataa jengo baya. Tupelekeni kwenye msingi ulio wazi, si kwenye sherehe ya uzinduzi tu. Serikali za miji, mpeni mkaguzi usafiri, mshahara wa kumtosha, na kinga dhidi ya simu za wakubwa.

Na ninyi wanafunzi wenzangu, msiikimbie kazi hii kwa sababu haina picha ya kuning'iniza ukutani. Msanifu anaonyesha jengo alilolichora. Mkaguzi bora hana cha kuonyesha, ila watu walioamka asubuhi wakaenda kazini, bila hata kujua kwamba aliwahi kupita.