Moshi wa Kupigia Picha

Wako watu wanaosafiri kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki kwa ajili ya treni ya mvuke tu, na wakisikia mluzi wake hutokwa na machozi. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na sisi wenyeji tulioiga kilio hicho bila kuuliza anayeliliwa ni nani.

Chukua kichwa namba 5918, kiitwacho Mount Gelai, kilichohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ni kimojawapo cha vichwa 34 vilivyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950, kila kimoja tani 250 hivi, vyote vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Baada ya kustaafishwa kilifufuliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikakokota safari za wapenda treni. Mwenzake aliyesalia anaitwa Mount Shengena. Gelai na Shengena yote ni milima ya Tanzania (nimewahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha nne, wakanikodolea macho), lakini vichwa vyenyewe viko Kenya.

Haya, na tawi la Voi hadi Kahe nani alilihifadhi? Waingereza walilijenga mwaka 1915 na 1916 ili wapeleke askari kupigana na Wajerumani. Lilitoka Voi, likapita Mwatate, Bura, Maktau na Taveta, likaungana na reli ya Tanga pale Kahe. Lilizaliwa kwa vita, lakini wananchi walilifanya la amani. Mimi nililijua kwa daraja la tatu: ndizi za Taveta chini ya viti, kuku waliofungwa miguu, akina mama wakibadilishana habari za harusi na misiba ya pande zote mbili za mpaka. Shangazi yangu aliolewa Taveta, na kumwona hakukuhitaji mkutano wa mawaziri. Nikiwa mwanachuo wa ualimu, sanduku langu la bati lilisafiri katika behewa hilohilo.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini ile desturi ya kupanda treni kwenda kumsalimu shangazi haikurudi kama ilivyokuwa.

Wakubwa wana jibu lao: matawi hayalipi. Nimelisikia jibu hilo kwa mabwana wa hesabu wengi, na kila mara nimejiuliza walisomeshwa na nani. Mkungu uliopakiwa Taveta ulilipa nauli hadi Mombasa, na sehemu kubwa ya nauli hiyo iliandikwa faida ya njia kuu. Halafu tawi likaitwa mzigo! Ni sawa na kuifunga shule ya msingi kwa kuwa haitoi wahandisi, kisha kushangaa chuo kikuu kimekosa wanafunzi.

Wengine husema, eti, reli hizo zilikuwa za mkoloni, acha zife. Mbona ofisi zake tunakaa? Mbona mipaka yake tunailinda kwa bunduki? Katika vyote alivyotuachia, tukachagua kuvitunza vile vinavyotutenga, na kile kilichotuunganisha tukakiachia majani.

Siku hizi tunajenga reli mpya, na nafurahi. Ya Kenya ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, yetu ikafika Dodoma mwaka 2024. Zote zina upana uleule wa milimita 1,435, na hazijakutana popote.

Mwenye fedha za kuwasha tena tanuri la 5918 namshauri akipeleke Taveta siku ya soko. Wataalamu watanijibu kwamba haiwezekani, kichwa kile ni kizito mno kwa reli ya tawi, kiliundwa kwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Najua. Ndiyo maana nalalamika: katika treni zote za utoto wetu, wamechagua kuhifadhi ile ambayo haikuwahi kufika kwetu.