Gitaa la Besi Lipewe Amplifaya Yake

Ni dhuluma kwa mpigaji, na hasara kwa mwenye chombo, kulichomeka gitaa la besi katika amplifaya iliyoundwa kwa ajili ya gitaa la solo. Kwani uzi mnene wa besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, nusu ya mitetemo 82 ya uzi mnene wa gitaa la kawaida, na sauti nzito kiasi hicho haisikiki barabara ila kwa nguvu nyingi za umeme, spika yenye kuhimili msukumo mrefu, na sanduku madhubuti. Amplifaya ya gitaa hupendwa kwa ule mkwaruzo wake inapozidiwa, ambao masikio yetu yameuzoea hata ukawa pambo. Besi aghalabu huhitaji usafi. Naam, Bassman, iliyotolewa na kampuni ya Fender ya Marekani mwaka 1952 kwa ajili ya besi, ilihusudiwa na wapiga gitaa, na huko London Jim Marshall na mafundi wake wakaifanya kiolezo cha amplifaya yao ya kwanza. Lakini gitaa katika amplifaya ya besi halidhuru kitu, ilhali besi katika amplifaya ya gitaa, ikifunguliwa kwa kishindo, huweza kupasua spika. Wenye bendi, basi, wanaponunua vyombo, wasiiweke besi mwisho wa hesabu zao.